Kujipoza kabla ya kukimbia kwenye joto, kweli inaongeza stamina?

MbioNdefu: Wakuu habari zenu. Najiandaa na mbio za kilomita 21 na zitaanza jua likiwa limeshapanda, sasa mwenzangu wa mazoezi ananiambia kabla ya kuanza nijipoze, yaani nijiloweke kwenye maji ya baridi au nivae ile fulana ya barafu. Mi nilivyozoea ni kupasha mwili mpaka jasho litoke. Hivi vitu si vinapingana? Na kweli mtu anadumu zaidi?

FundiPumzi: Anadumu mkuu, ila kwenye joto tu. Ukikimbia, zaidi ya robo tatu ya nguvu unayochoma inageuka joto, hewa ya nje nayo ikiwa ya moto halina pa kutokea, joto la ndani linatoka 37 linapanda na likigusa kama 40 mwili unagoma hata kama miguu bado inataka. Kuna jaribio la 1999 waendesha baiskeli walewale walianzishwa na joto la ndani tofauti, chumba kikiwa nyuzi 40. Walipoanza na 36 walidumu dakika 63, na 37 dakika 46, na 38 dakika 28 tu, na mara zote waligoma kwenye 40 na kidogo. Kwahiyo kujipoza ni kujiongezea nafasi kabla ya kufika pale.

KasiDada: Fulana sawa, ila mi nakushauri barafu iliyosagwa, ile laini ya kunywa. Ikiyeyukia tumboni inafyonza joto jingi kuliko maji ya baridi peke yake. Kwenye jaribio la 2010, joto nyuzi 34, waliokunywa barafu walikimbia wastani wa dakika 50, wa maji baridi dakika 40 na ushee. Kipimo kilikuwa gramu 7.5 kwa kila kilo ya mwili, kidogo kidogo ndani ya nusu saa, maana ukiibugia kwa pupa paji la uso linauma balaa. Ijaribu mazoezini kwanza uone tumbo linasemaje.

MbioNdefu: Asante sana dada. Sasa kupasha niache?

FundiPumzi: Usiache, fupisha. Kinachotakiwa kupoa ni kiwiliwili, miguu ibaki na joto lake maana misuli ya baridi haina spidi, ndo maana wa mita 100 hawana haja na haya mambo. Wapiga makasia wa Australia kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 walipasha huku wamevaa fulana za barafu.

Mzee_wa_Lami: Naongezea jambo moja mdogo wangu, ngozi ikiwa baridi utajiona mwepesi utaondoka kwa kasi kubwa mno, shika spidi yako uliyopanga. Na anza sasa hivi kuzoea kukimbia kwenye joto wiki moja mpaka mbili, hiyo inasaidia kuliko barafu yoyote. Ukisikia kizunguzungu au baridi ya ghafla katikati ya jua, simama papo hapo utafute kivuli na maji ya kujimwagia.