Naomba ushauri: kugeuza amplifaya ya valvu ya matangazo iwe ya gitaa

Wakuu, habari za majukumu. Niko Tanga, Ngamiani. Nimepata amplifaya ya zamani ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), wati 30, iliyokuwa ya matangazo ya hadharani: valvu ndogo za ECC83 mbili mbele, na kubwa za EL34 mbili nyuma. Nataka kuipigia gitaa. Mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz haustahili gitaa linalolia kwenye spika za kompyuta.

Upande wa kuingizia sauti sina wasiwasi sana: naondoa transfoma ndogo ya maikrofoni, gitaa liingie kwenye gridi (mguu wa kuingizia sauti) ya ECC83 ya kwanza, na rezista ya megaomu 1 kwenda ethi.

Kinachoniumiza kichwa ni transfoma ya kutolea sauti. Nyuma kuna tundu moja tu, la volti 100, lile la kuunganisha spika nyingi kwa waya mrefu. Kwa wati 30 hiyo inataka mzigo wa kama omu 333, na spika yangu ni omu 8. Je, nifunge transfoma ya kushusha pale kwenye spika, au ninunue mpya ya kutolea? Naogopa zile ndogo za bei rahisi zitakula besi.

Sijaiwasha. Kapasita kubwa nabadilisha zote kwanza, kisha naiwasha kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo, ili kukiwa na hitilafu umeme usipite mwingi (na balbu za nyuzi siku hizi kuzipata ni kazi). Fundi mmoja hapa kanishauri nitoe valvu zote niweke transista. Nilimshukuru, nikabeba mzigo wangu.

Aliyewahi kufanya hili anisaidie, hasa hilo la transfoma. Na mwenye kujua EL34 zinapouzwa Dar, aniambie.