Kumpima bingwa wa tenisi kwa idadi ya vikombe pekee ni dhuluma, na nimechoka kuisikia

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi na jamaa zangu tukitazama kipindi cha michezo katika runinga, ikaletwa mada ya nani bingwa mkubwa kuliko wote katika tenisi ya wanaume. Mtangazaji akabandika jedwali la mataji ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya Australia, Ufaransa (Paris), Wimbledon ya Uingereza na Marekani: Novak Djokovic 24, Rafael Nadal 22, Roger Federer 20, Pete Sampras 14, Roy Emerson 12, na chini yao Rod Laver na Björn Borg wakiwa na 11 kila mmoja. Alipofika kwa Laver akacheka, akasema kwamba mzee huyo alikuwa akishindana na makarani wa benki waliokuwa wakicheza baada ya saa za kazi. Mchambuzi aliyekuwa pembeni yake akacheka pia, mada ikafungwa, tukaletewa matangazo ya sabuni.

Kabla hamjaniita mzee mwenye kinyongo, nieleze kwamba Djokovic ninampenda sana. Fainali ya Wimbledon ya 2019, alipookoa pointi mbili za ubingwa za Federer, ilinifanya niache chakula kikapoa mezani hadi mke wangu akakirudisha jikoni. Ugomvi wangu si na Djokovic. Ugomvi wangu ni na mtu anayelipwa mshahara kuuzungumzia mchezo asioujua ulikotoka.

Hadi mwezi wa Aprili 1968, mashindano manne makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu, yaani wasiolipwa. Mchezaji akishatia saini mkataba wa kulipwa, Wimbledon haimtaki, Paris haimtaki, Marekani na Australia nako vilevile. Laver alitwaa mataji yote manne mwaka 1962, kisha akaingia katika tenisi ya kulipwa, na kuanzia 1963 hadi 1967 akafungiwa nje. Miaka mitano mizima, akiwa na umri wa kati ya miaka 24 na 29, yaani ule umri ambao mchezaji wa tenisi huvuna. Aliporuhusiwa kurudi, alitwaa Wimbledon ya 1968, na mwaka 1969 akayabeba tena yote manne, safari hii wachezaji wa kulipwa wakiwa ndani. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kufanya hivyo mara mbili, na tangu 1969 hakuna mwanamume aliyefanya hivyo hata mara moja katika mwaka mmoja wa kalenda.

Sasa litazameni tena lile jedwali. Emerson amewekwa juu ya Laver kwa kuwa ana kikombe kimoja zaidi. Katika vikombe 12 vya Emerson, 10 alivipata kati ya 1963 na 1967, miaka ileile ambayo Laver alikuwa kifungoni. Mwaka 1962, kabla ya Laver kuondoka, wawili hao walikutana katika fainali za Australia, Ufaransa na Marekani, na zote tatu alishinda Laver. Simdharau Emerson, ambaye alikuwa mchezaji hodari sana, lakini jedwali linalomweka juu ya mtu aliyemshinda katika fainali tatu za mwaka mmoja, bila hata maelezo ya mstari mmoja chini yake, ni jedwali la kupotosha watu.

Kwa haki hiyohiyo nikiri jambo ambalo mashabiki wa Laver huwa hawapendi kulisikia. Alipojiunga na wachezaji wa kulipwa mwanzoni mwa 1963, akiwa bingwa mpya wa mataji yote manne, Lew Hoad na Ken Rosewall walimchapa karibu kila walipokutana naye katika miezi ya mwanzo. Maana yake ni kwamba ule ushindi wa 1962 ulipatikana wakati baadhi ya wachezaji bora wa dunia hawakuruhusiwa kukanyaga uwanjani. Idadi ya vikombe inaweza kumpunja mtu, na inaweza pia kumpunja mwingine asiyeonekana kabisa katika jedwali. Rosewall huyo alitwaa taji lake la kwanza kubwa mwaka 1953, akafungiwa miaka 11 kuanzia 1957, akarudi 1968 akachukua taji la Ufaransa, na mwaka 1972 akatwaa la Australia akiwa na miaka 37. Vikombe vyake vinasomeka vinane. Mtangazaji wetu hakumtaja hata jina.

Kinachonikera zaidi ni undumilakuwili. Mwaka 2022 Djokovic alipokosa mashindano ya Australia na ya Marekani kwa sababu ya masharti ya chanjo ya korona, tulikesha humu tukilia kwamba amenyang'anywa mataji mawili. Nami nililia. Basi iweje shabiki aliyelia kwa mashindano mawili acheke kwa miaka mitano?

Na uridhaa wenyewe haukuwa jambo la mzaha la makarani wa benki. Arthur Ashe alitwaa taji la Marekani mwaka 1968, mashindano yale yalipofunguliwa kwa wote kwa mara ya kwanza, huku yeye akiwa bado mchezaji wa ridhaa na luteni wa jeshi. Zawadi ya dola 14,000 alikabidhiwa Tom Okker aliyeshindwa, kwa sababu ndiye aliyeruhusiwa kupokea fedha. Ashe, bingwa, mwanamume wa kwanza mweusi kutwaa taji kubwa la tenisi, aliondoka na posho ya dola 20 kwa siku. Mtu wa namna hiyo unamwekaje katika safu moja na bingwa wa leo anayelipwa mamilioni, halafu ukamaliza kazi kwa kujumlisha?

Upande wa wanawake hali ni mbaya zaidi, maana huko watu huhesabu vikombe au hukataa kuvihesabu kulingana na wanayemshabikia. Margaret Court akitajwa kuwa na mataji 24 dhidi ya 23 ya Serena Williams, haraka mtaambiwa kwamba 11 kati ya hayo aliyapata nyumbani kwao Australia, wakati ambapo nyota wengi hawakusafiri kwenda huko. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini ukiikubali kwa Court, uikubali pia kwa Borg, ambaye katika maisha yake yote alicheza mashindano ya Australia mara moja tu, mwaka 1974, na kwa Chris Evert, ambaye aliyaruka mashindano ya Ufaransa, yanayochezwa kwenye udongo, mwaka 1976, 1977 na 1978, katikati ya kipindi alichoshinda mechi 125 mfululizo kwenye viwanja vya udongo. Enzi zile hapakuwa na mchezaji aliyepanga maisha yake kwa kuhesabu vikombe vya Grand Slam. Ninyi ndio mmewapa mtihani ambao hawakujua kwamba wanaufanya. Na huyo Court anayedharauliwa, mwaka 1970 alimshinda Billie Jean King katika fainali ya Wimbledon kwa 14-12, 11-9. Seti mbili tu, gemu 46, na kifundo cha mguu wake kikiwa kimeumia.

Nirudi kwa makarani wa benki. Nusu fainali ya Australia ya 1969 ilichezwa Brisbane katika joto kali, Laver dhidi ya Tony Roche. Matokeo yalikuwa 7-5, 22-20, 9-11, 1-6, 6-3, jumla ya gemu 90, na wachezaji walikuwa wakiweka majani ya kabichi yaliyolowekwa maji ndani ya kofia zao ili vichwa visichemke. Mwaka huohuo Wimbledon, Pancho Gonzales, aliyekuwa na umri wa miaka 41, alimaliza gemu 112 na Charlie Pasarell kwa siku mbili na akashinda baada ya kupoteza seti mbili za kwanza. Taibreki, yaani ule mchezo mfupi wa pointi unaoamua seti ikifungana, ilikuwa haijaingia katika mashindano hayo, hivyo seti iliendelea hadi mmoja apate tofauti ya gemu mbili. Ningependa kumwona karani huyo.

Halafu kuna vifaa. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa mtunza viwanja katika klabu moja, na alipostaafu alipewa raketi ya mbao, ambayo sasa ninayo mimi. Imebanwa katika fremu yenye skrubu nne kwenye pembe, kwa kuwa bila kubanwa ubao hunyonya unyevu wa masika ukapinda. Ukiilaza juu ya raketi ya mwanangu, uso wake unamezwa wote, na unabaki ukingo wa upana wa kidole gumba kila upande. Mwanangu ana miaka 16 na anacheza vizuri. Nilimpa aipigie mipira 20: iliyovuka wavu na kuangukia ndani ya mstari ilikuwa sita, mitatu ikaruka uzio wa michongoma, na baada ya hapo akaanza kukisugua kiwiko, maana mpira ukikosa kitovu cha raketi ile kidogo tu, mtikisiko wote unapanda mkononi. Kwa raketi za mbao kama hiyo Borg na John McEnroe walicheza ile taibreki ya pointi 34 katika fainali ya Wimbledon ya 1980, McEnroe akaipata kwa 18-16, na Borg akaja kuichukua seti ya tano kwa 8-6.

Ninachotaka si kikubwa. Jedwali likibandikwa, iongezwe safu moja ya miaka ambayo mchezaji alizuiwa au hakusafiri, na mchambuzi aisome kwa sauti. Kama muda wa kufanya hivyo haupo, basi kichekesho cha makarani kiachwe.

Na kwa wale watakaokuja hapa chini kuniandikia "11 ni 11 tu mkuu", raketi ninayo, nyuzi zake nimezikaza upya, na uwanja huwa wazi Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi. Mipira nitaleta mimi. Kabichi mje nayo wenyewe.