Naomba ushauri: klarineti, mwaka wa pili chuoni, nakwama kuvuka rejista

Habari zenu wakuu. Nasoma muziki mwaka wa pili, chombo changu ni klarineti ya B-flati, na mtihani wa vitendo uko wiki sita mbele.

Tatizo ni kuvuka rejista (eneo la sauti): kutoka A ya kooni, noti iliyo karibu na mwisho wa eneo la chini, kwenda B iliyo juu yake, inayoanza eneo la juu. Unatoka kwenye noti ya kidole kimoja tu, ghafla unatakiwa kuziba karibu matundu yote huku kidole gumba kikibonyeza kitufe cha rejista. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mwendo) ikiwa mapigo 60 kwa dakika napita vizuri. Ikifika 96 noti inapiga yowe, na inaniumiza kwa sababu skeli nazijua kabisa.

Nimejaribu kubaki na vidole vya mkono wa kulia vimeziba tangu kwenye A, imesaidia kidogo. Pia nimepanda kutoka ridi (kipande chembamba cha mwanzi kinachotetema mdomoni) namba 2.5 hadi 3, iliyo ngumu zaidi. Sauti imejaa, ila midomo inachoka baada ya nusu saa.

Je, nirudi 2.5 hadi mtihani upite, au nivumilie? Na kwa muda huu mfupi, nikazanie noti ndefu za kuruka rejista au skeli za polepole? Waliopitia hili, tafadhali nisaidieni.