Tupeane uzoefu: Barua pepe zilipohitaji kuelekezwa njia

Ndugu wanachama, salaam. Kabla intaneti haijaimeza mitandao mingine, kila mtandao ulikuwa na anwani za namna yake, na mtumaji ndiye aliyepaswa kujua barua yake ivukie lango gani, yaani kompyuta iliyounganisha mtandao mmoja na mwingine. Aliyeyaonja hayo atusimulie.

Naanza mimi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shirika dogo jijini Nairobi, tulitumia FidoNet, mtandao ulioasisiwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984. Kompyuta zake hazikuunganishwa wakati wote. Zilipigiana simu kwa modemu, zikabadilishana furushi la barua zilizobanwa, kisha zikakata. Lango letu lilikuwa GreenNet, London. Kwa kanuni ya FidoNet, barua ya kwenda intaneti ilitumwa kwa mpokeaji aitwaye "UUCP" kwenye kompyuta ya lango, na anwani halisi ikaandikwa katika mstari wa kwanza wa barua yenyewe. Aliyetuandikia kutoka intaneti alitaja jina, kisha nambari ya kituo ikitanguliwa na f, ya mtandao na n, ya kanda na z (z5 ilikuwa Afrika), akamalizia na fidonet.org. Mfadhili mmoja alitupigia simu kuuliza kama hiyo ni anwani au ni namba ya kufungulia sefu.

*

Shikamoo mkuu. Mimi nilisoma Uingereza, ambako JANET, mtandao wa vyuo vikuu, uliandika anwani kwa kuanzia na nchi: uk.ac, kisha chuo, kisha idara, ilhali kwingineko nchi ilikuja mwisho. Malango yalizigeuza, na kwa kawaida yalipatia. Shida ilikuwa kwa idara za kompyuta, kwa sababu nyingi zilijiita cs (kifupi cha computer science), na cs hiyohiyo ikaja kuwa alama ya Czechoslovakia. Anwani iliyoishia hivyo ilisomeka kwa namna mbili, programu ikabaki kukisia. Barua niliyomwandikia rafiki wa mji wa jirani ilirejeshwa kwa maelezo kuwa huko Czechoslovakia hakuna kompyuta ya jina hilo!

Kaka yangu alikuwa Marekani kwenye BITNET, mtandao mwingine wa vyuo vikuu, nami nikimwandikia kwa mtindo wa jina%kompyuta.BITNET@cunyvm.cuny.edu. Barua ilifika kwanza City University of New York, ambako sehemu ya baada ya @ iliondolewa na alama ya asilimia ikageuzwa kuwa @ mpya. Niliupenda ujanja huo, ingawa hakuna kanuni rasmi iliyouhalalisha.

*

Kwenye UUCP, mtandao wa kompyuta zilizopokezana barua kwa simu, tuliandika njia nzima, kompyuta kwa kompyuta, zikitenganishwa na alama ya mshangao. Kutoka Marekani kuja Ulaya, njia iliyozoeleka ilikuwa seismo!mcvax, yaani kutoka Virginia hadi Amsterdam. Njia ilitegemea mtumaji alipo, hivyo huwezi kumpa kila mtu anwani ileile. Ulimtajia njia kuanzia kompyuta mashuhuri, akajitafutia mwenyewe namna ya kuifikia. Programu ya pathalias ndiyo iliyotupunguzia adha, kwani ilikokotoa njia nafuu kutoka kwenye ramani za mtandao.

*

Wakubwa, asanteni. Mimi ni fundi wa seva za barua, na rekodi za MX (za kuelekeza barua) ninazoziweka leo zilielezwa katika RFC 974, hati ya kanuni za intaneti ya Januari 1986: kila rekodi hutaja seva inayopokea barua za jina la kikoa, yaani sehemu ya anwani baada ya @, na yenye nambari ndogo ya kipaumbele hujaribiwa kwanza. Kwa hiyo hata kompyuta isiyokuwa kwenye intaneti iliweza kuwa na anwani ya kawaida, lango likaipokelea. Naomba kuuliza: huko Nairobi, lango liliposhindwa kuwapata kwa simu, barua zilisubiri London au zilirudishwa kwa mtumaji?

*

Zilisubiri, kijana wangu. Laini ikipona, furushi zilishuka zote kwa pamoja, majibu yakitangulia maswali.