Mtoto wa chini ya miaka 2 kwenye ndege ya masafa marefu: tumpakate au sheria itulazimishe kumkatia siti?

Mama Kichuna (mwanzisha mada)

Wadau habari za saa hizi. Mnisamehe ni ndefu, naandika huku mtoto kalala na nikinyanyuka tu ataamka.

Mwezi wa sita nimesafiri na binti yangu wa miezi 14 kwenda kumwonesha kwa bibi yake. Columbus hadi Chicago, Chicago hadi Doha, Doha hadi Dar. Ile ya katikati peke yake ni masaa 13 hivi. Nilimkatia ile tiketi ya kupakatwa, asilimia 10 ya nauli yangu, nikajiona mjanja kweli. Sasa tuko juu huko, taa zimezimwa, mimi nimesinzia na yeye kanilalia kifuani, blanketi juu yetu, mkanda nimefunga mimi. Ndege ikashuka ghafla, sekunde mbili tu wala si zaidi. Mimi mkanda ukanishika. Kushtuka, nilichobaki nacho mkononi ni blanketi.

Mtoto keshateleza upande wa jirani, paji la uso limegonga ule mkono wa siti, na yule jirani, mbaba wa makamo ambaye tangu Chicago alikuwa anatukata jicho kwa ajili ya kelele, ndo kamdaka mguu. Alitoka nundu tu, Alhamdulillah. Bibi yake alipoiona Dar akauliza kaanguka kitandani? Nikaitikia ndiyo mama.

Toka siku hiyo najiuliza. Ndani ya ndege kila kitu kinafungwa, kitoroli cha chakula kina breki, birika lina sehemu yake, kipochi chako unaambiwa ukisukume chini ya siti wakati wa kutua. Halafu kiumbe cha kilo 10 ndo kinaachiwa mikono ya mtu aliyekesha. Mimi nasema kwa safari ndefu sheria ilazimishe kila mtoto awe na siti yake na kiti chake cha kufungwa, na mashirika yabanwe yaiuze kwa bei ya kibinadamu. Karibuni mnipinge.

Baba Mapacha

Pole sana mama kwa hiyo nundu, lakini wacha tuongee pesa kwanza. Niko Minnesota na mapacha wa miezi 20. Kwa sasa mimi nabeba mmoja, mke anabeba mwingine, nauli inakuwa ya watu wawili na kitu kidogo juu. Ukiwawekea siti zao wanalipishwa kama watoto wakubwa, mara nyingi robo tatu ya nauli ya mtu mzima, kwa hivyo natoka nauli mbili na ushee naingia tatu na nusu. Manze hiyo tofauti ndio inaamua kama shosho wao Nyeri atawaona mwaka huu ama atawaona kwa video call. Kura yangu ni HAPANA.

Mzee wa Dirishani

Siti apewe asipewe, mimi shida yangu kelele. Kuna shirika la Corendon huko Uholanzi, mwaka 2023 ndege yao ya Amsterdam kwenda Curaçao ilitengewa sehemu ya miaka 16 kwenda juu, ulikuwa unaongeza euro 45 unalala. Waige wote basi tumalize.

Mama Kichuna

Mzee hiyo ni mada nyingine, ianzishe yako. Tena hiyo sehemu ilitengwa kwa ukuta na pazia tu, mtoto akilia unamsikia vilevile na hela yako imeshaenda.

Mzee wa Dirishani

😂 Haya mama nimekaa.

Bint Pemba

Salaam jamani. Mie niko Muscat, wanangu watatu wote nimewapitisha Muscat na Unguja tangu hawajaota meno, na sijaona hili wala lile. Dawa ni kanga. Namfunga mbele yangu kwa kanga, mkanda wa ndege napitisha juu yetu sote wawili, hata tukirushwa tunarushwa pamoja. Hayo mambo ya viti vya plastiki ni ya Wazungu, mtoto wetu amezoea mwili wa mamaake.

Krew Mstaafu

Dada Bint Pemba, kwa heshima zote hilo usilirudie tena nakuomba. Nimehudumu kwenye ndege miaka 6 kabla sijahamia ofisini. Mkanda mmoja kwa watu wawili maana yake ndege ikifunga breki kali wewe unakunja mwili kwenda mbele na uzito wako wote unamkamua yeye juu ya mkanda. Unamgeuza mtoto kuwa mto wako. Ndo maana krew wakikuona hivyo wakati wa kuruka na kutua wanakufungua, hawakuchukii. Kanga tumia ndege ikishatulia, zunguka naye koridoni mpaka alale, hapo hakuna ubishi kanga ni mfalme.

Mama Kichuna na wewe nina swali. Hukupewa ule mkanda mdogo wa mtoto, ule unaopachikwa kwenye wa kwako?

Mama Kichuna

Nilipewa. Wakati wa kuruka nikamfunga. Alipolala nikauchomoa maana ulikuwa unamkaba tumboni na akigeuka anaamka. Nilijua utauliza na sikutaka kuandika.

Baba Mapacha

Wueh! Kumbe. Sasa sheria ikulinde na nini mama, si ushindwe wewe 😅

Krew Mstaafu

Usimcheke, nusu ya abiria wanafanya hivyohivyo. Na huo mkanda wenyewe una kesi. Ulaya ndo kanuni, mtoto wa kupakatwa lazima avae. Marekani mashirika yao hawaruhusiwi kuutumia wakati wa kuruka na kutua, kwa sababu ileile niliyompa dada, ndege ikigonga mzazi anamkunjia mtoto. Kwa hiyo upande mmoja wa bahari ni lazima na upande wa pili ni marufuku, na mtoto ni yuleyule. Kwa mtikisiko wa angani unasaidia sana, kwa ajali yenyewe hausaidii, huo ndo ukweli wake.

Ngoja niwape kisa kinachosimuliwa kwenye hii kazi. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United namba 232 inatoka Denver kwenda Chicago, injini ya mkia ikapasuka ikakata mabomba yote ya haidroliki, rubani hana usukani. Walikuwemo watu 296, kati yao watoto wanne wa kupakatwa. Maelekezo ya wakati huo kwa wazazi yalikuwa mtoto alazwe sakafuni, ukimzungushia mito na blanketi, kisha wewe ujikunje. Mkuu wa wahudumu, Jan Brown, ndiye aliyewasomea. Wakaanguka Sioux City. Watu 184 walipona. Mmoja wa wale wanne hakupona, alikuwa na miezi 23, na mama yake baada ya kutoka akataka kurudi ndani kumtafuta, Jan ndo akamzuia. Yule mhudumu kuanzia hapo kazi yake ikawa kugonga milango ya serikali akidai hichi anachodai Mama Kichuna.

Bint Pemba

Inna lillahi. Miezi 23, mwezi mmoja tu angekuwa na siti yake. Basi kanga nimeiweka chini kaka.

Mtoto wa Mbagala

Nyie watu wa majuu mna raha sana aisee. Jana hapa Rangi Tatu nimeona bodaboda kabeba baba, mama, mtoto katikati kabanwa kama jibini kwenye mkate, na mbele kwenye tenki kuna kilo kadhaa za mkaa. Helmeti moja, kaivaa dereva. Nyie mnajadili kiti maalum angani 😂😂 Ndege si ndo usafiri salama kuliko wote?

Krew Mstaafu

Mbagala unacheka lakini hiyo hoja yako ndo iliyoshinda Washington, tofauti wao walivaa suti. Bodi yao ya kuchunguza ajali, NTSB, imelilia hii sheria tangu baada ya Sioux City. Mamlaka ya anga, FAA, mwaka 2005 ikasema hapana na sababu ikawa hii: ukimlazimisha mzazi anunue siti ya tatu, wengine watashindwa nauli watapanda gari, na barabarani watakufa watoto wengi kuliko hao utakaowaokoa angani. Kwa hiyo wanakushauri mtoto akae kwenye kiti chake, ila hawakulazimishi. Hadi leo ndo hivyo.

Mama Kichuna

Asante Krew, hapo umenipa nilichokuwa natafuta bila kujua. Kwa Denver na Chicago naielewa kabisa hiyo hesabu. Lakini hebu niambieni nani ataendesha gari kutoka Chicago mpaka Dar? Baharini hakuna barabara! Hoja yao yote imesimama kwenye safari za ndani, sisi wa masaa 13 na zaidi tumeburuzwa humohumo. Ndo maana nimeandika masafa marefu kwenye kichwa cha habari, sikukosea.

Na msije na ajali mkaniambia ni nadra. Najua ni nadra. Mimi nazungumzia kushuka ghafla. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines kutoka London, ikiwa juu ya Myanmar, ilidondoka kama mita 54 ndani ya sekunde tano hazijafika, wasiofunga mikanda wakaruka kama karanga kwenye kikaango, na mzee mmoja akafariki. Mita 54 tu.

Baba Mapacha

Mama hapo kwa barabara umewashinda FAA, nakupea. Lakini hujanishinda mimi. Sisi hatutapanda gari, ni ukweli. Tutabaki nyumbani. Hiyo ndio barabara yetu. Ukinilazimisha nauli tatu na nusu, mwaka huu hatuendi, mwaka ujao watoto wamefika miaka 2 kila mmoja ni siti kwa lazima, kwa hivyo hiyo pia hatuendi, na shosho ako na miaka 81. Hao wa serikali walihesabu watakaokufa barabarani, nani amehesabu watakaozikwa kabla hawajashikwa mkono na wajukuu? Mimi babangu alizikwa nikiwa kazini huku, najua bei ya tikiti ambayo hukununua.

Mama Kichuna

…

Hapo sina jibu la haraka Baba Mapacha. Pole kwa mzee.

Ila ona, hasira yako na yangu ziko sehemu moja. Kwa nini mtoto wa kilo 10 akipakatwa ni asilimia 10 na akikaa ni asilimia 75? Hali zaidi, hana begi zaidi. Hakuna kitu hapo katikati. Mimi naomba sheria iseme kwanza hapo katikati kuwe na bei, wakishindwa ndo tuongelee kulazimisha.

Krew Mstaafu

Siti ikikaliwa na mtoto haikaliwi na mtu mzima, ndo hesabu yao, hawauzi uzito wanauza nafasi. Lakini kuna mashirika ukipiga simu unakuta wana punguzo la siti ya mtoto ambalo kwenye tovuti halionekani. Uliza. Na ukisafiri siku ambayo ndege haijajaa, ombeni getini muwekwe karibu na siti tupu, wengine wanakubali kiti chako kiingie bure.

Halafu kile kitanda cha mtoto kinachopachikwa ukutani mbele ya siti msikitegemee. Kwanza kina mwisho wa uzito, mara nyingi kilo 10 au 11. Pili taa ya mkanda ikiwaka unatakiwa umtoe. Umembembeleza masaa mawili, umemlaza, unakaa chini unafungua chakula, tiing.

Bint Pemba

Hiyo tiing naijua 😭

Jirani Mwema

Kwani si mnampa tu piriton kidogo analala mpaka Doha, mambo ya viti yanaisha?

Nesi wa Zamu

Hapana, hapana, hapana. Dawa hizo kwa mtoto mdogo nyingine zinamchangamsha badala ya kumlaza, sasa uwe na mtoto aliyelewa na asiyelala masaa 13. Na zile nzito kama Phenergan zina onyo kali kabisa kwa chini ya miaka 2, zinaweza kumzubaisha mpaka apumue kwa shida. Juu huko hewa yenyewe ni kama umepanda mlima. Ndege ikianza kushuka mpe ziwa au chupa ameze masikio yazibuke, inatosha.

Mzee wa Dirishani

Naruhusiwa kuongea sasa? Mimi ndo huwa nakata watu jicho. Siti mtoto awe nayo. Akiwa kafungwa kwake hanipigi mateke mapajani mwangu masaa kumi na tatu. Hapo tunakubaliana na mama kwa sababu zangu binafsi.

Mama Kichuna

😂😂 Kura ni kura.

Baba Mapacha

Sawa Krew, tuseme nimeomba siti moja tu, mapacha wapokezane. Nimetoka hapo nje kwa gari usiku huu na tochi, nimepindua kiti cha mtoto, kuna maandishi mekundu yanasema kimeidhinishwa kwa gari na ndege. Hiyo ndio yenyewe?

Krew Mstaafu

Ndo yenyewe hiyo, kipige picha usije ukabishana getini. Ila wakati wa kuruka na kutua aliye kwenye kiti ni mmoja, mwingine ni wa kupakatwa, wewe na mama mtachagua nani. Upana wake?

Baba Mapacha

Hiyo ya kuchagua nani usimwambie mke wangu. Ngoja nipime… inchi 19.

Krew Mstaafu

Aah. Siti nyingi za ekonomi ni kama 17, na wanashauri kiti kisizidi 16.

Baba Mapacha

Manze.

Bint Pemba

Kaka, mie ninacho chembamba cha mwanangu wa mwisho, kiko stoo tu hapa Muscat. Tatizo ni kukufikishia Minnesota.