Nimepewa cheo cha Mkuu wa Watu na Utamaduni, lakini nikimwita mtu ofisini anadhani ana barua

Binti wa Themi aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Nafanya kazi katika kiwanda cha kusindika vyakula hapa Arusha chenye wafanyakazi wapatao 140, ambao theluthi moja hivi ni vibarua wa msimu. Kwa miaka sita nilikuwa afisa tawala: nilitunza mafaili, nilipeleka michango NSSF, niliandaa mikataba na kuandika barua za onyo kila nilipoagizwa. Mwezi wa tatu wakurugenzi waliifuta idara ya Utumishi na Utawala, wakanipa cheo cha Mkuu wa Watu na Utamaduni, pamoja na agizo la mdomo kwamba ndani ya mwaka mmoja watu wawe huru kusema, wajitume bila kusukumwa, na waache kuhamia viwanda vya jirani.

Nilianza kwa kuitisha mkutano. Nikaeleza cheo kipya, nikasema mlango wangu uko wazi, nikaomba maoni. Kimya. Nilisubiri karibu dakika mbili nzima, na kilichosikika ni feni tu. Watu walipokuwa wanatoka, mzee mmoja wa mitambo alinisogelea akaniambia kwa upole: «Mwanangu, hapa mtu akiitwa kwako anajua ana barua. Sasa utamwambiaje aje kupiga soga?»

Yapo pia mambo mawili yanayonitatiza zaidi. La kwanza ni kundi la WhatsApp la kazi, ambamo maagizo hutumwa hadi saa nne usiku na asiyejibu huulizwa asubuhi mbele ya wenzake. La pili ni msimamizi wa zamu ambaye huwafokea watu hadharani, lakini zamu yake ndiyo inayofikisha malengo kila wiki, kwa hiyo wakurugenzi hawataki aguswe. Mngekuwa mimi, mngeanzia wapi?

Mzee wa Masjala alijibu:

Binti yangu, nimestaafu utumishi wa umma baada ya miaka 31, na huyo mzee wa mitambo amekuambia ukweli ambao mimi nilichelewa sana kuujua.

Nilipoajiriwa, daftari la mahudhurio liliwekwa mezani kwa karani, na ilipotimu saa 1:30 asubuhi karani alishika rula na kalamu nyekundu akapiga mstari. Aliyefika baada ya hapo alisaini chini ya mstari, na jioni daftari lilipelekwa kwangu. Sikuwahi kumuuliza mtu kwa nini alichelewa. Nilihesabu majina tu. Tathmini nayo ilikuwa taarifa ya siri: mkubwa wako aliandika anavyokuona, ikafungiwa katika faili la siri, na wewe hukuisoma. Mwaka 2004 ikaletwa OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji, ambao ulimtaka mtumishi na msimamizi wake wakae pamoja, wakubaliane malengo na wapeane alama kwa uwazi. Wazo lilikuwa zuri mno. Lakini nakumbuka watumishi waliokuja kuomba fomu za miaka mitatu kwa mkupuo kwa sababu zamu yao ya kupandishwa daraja imefika, na msimamizi akazisaini zote asubuhi moja huku anakunywa chai. Sasa iko PEPMIS, mfumo wa kompyuta ulioshika nafasi yake: kazi zinaingizwa humo na msimamizi anazithibitisha hukohuko. Ni hatua, lakini kama wale wawili hawazungumzi, mfumo utathibitisha kwamba hawazungumzi.

Ninakusihi usidhani pia kwamba wakurugenzi wako ndio waliogundua utamaduni wa kazi. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Namba 1 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, katika ibara ya 15, ukamkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kwa makini kuliko mameneja walivyotarajia. Waliitaja katika migomo, wakawafungia mameneja wengine mlango, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakishika kiwanda wenyewe. Naambiwa siku hizi jambo hilohilo la kutowafokea watu hufundishwa hotelini kwa siku mbili, pamoja na chakula cha mchana.

Ushauri wangu ni mdogo. Anza na mafaili, kwa sababu ndiyo unayoyamudu. Mwite mfanyakazi mmoja mmoja, umfungulie faili lake, mlikague pamoja: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuajiriwa, warithi, siku za likizo zilizobaki, barua zilizomo. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa bahati tu, ofisi ilipokuwa inahama. Mhudumu mmoja wa ofisi, mama mtu mzima, alikuta ndani ya faili lake onyo la mtu mwingine mwenye jina la pili kama lake. Lilikuwa limekaa humo miaka minne, na miaka yote hiyo alikuwa akirukwa kupandishwa cheo. Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu: «Kwa hiyo mlikuwa mnanisoma mimi?» Aliyeliweka humo ni mimi.

Mkaazi wa Nakuru alijibu:

Mzee, shikamoo. Hadithi yako ya faili imenigusa, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo. Mafaili yataleta imani polepole, ilhali yule msimamizi anaibomoa kila zamu.

Dada, mimi ni afisa wa rasilimali watu katika kampuni ya kibinafsi hapa Kenya. Kwetu kazi hii ilipata sheria yake ya wanataaluma mwaka 2012, na tangu hapo waajiri wengi hutaka uwe umesajiliwa. Hata hivyo, kifungu kilichonifunza kazi kuliko cheti ni cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama. Nilipoanza nilikiona kama kikwazo cha mawakili. Kisha siku moja nilimsomea kijana wa stoo mashtaka yake kwa Kiingereza cha barua, akaitikia kila sentensi kwa kichwa. Mwakilishi wa chama akaniomba niyarudie kwa Kiswahili, na nilipoyarudia kijana akasema: «Lakini siku hiyo nilikuwa likizo.» Tulitazama rekodi, na ilikuwa kweli. Tangu hapo barua zangu zote za kutakiwa kujieleza huwa na nakala ya Kiswahili, na huzisoma kwa sauti.

Kuhusu msimamizi wako, usiende kwa wakurugenzi na hoja ya heshima, maana watakubali kwa mdomo na kuendelea. Nenda na daftari. Hesabu ni wangapi walioacha kazi au kuomba kuhamishwa kutoka zamu yake katika mwaka mmoja, ukilinganisha na zamu nyingine, na ni siku ngapi zilipotea kumfundisha mgeni mtambo. Mkurugenzi anayesema «malengo yanafikiwa» mara nyingi hajawahi kuonyeshwa gharama ya kuyafikia.

Na uwe mkweli kwa wafanyakazi: mshahara wako unalipwa na mwajiri. Ukiwaambia wewe ni rafiki yao, siku utakapopeleka barua ya kupunguza watu hawatakusamehe. Waambie utakayoweza kuyaficha na yale usiyoweza. Mtu akikuletea siri ya wizi au ya kudhalilishwa kijinsia, hutaweza kukaa nayo, na ni afadhali alijue hilo kabla hajafungua kinywa.

Mwenyekiti wa Tawi alijibu:

Nimesoma nikiwa upande wa pili wa meza, kwa kuwa mimi ni mwendesha mtambo na kiongozi wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi.

Dada, watu wako hawako kimya. Nenda kwa mama ntilie anayewauzia chakula nje ya geti, kaa pembeni na sahani yako, utasikia yote. Tunanyamaza mkutanoni kwa sababu tunajua nani anaandika na anayeandika anampelekea nani. Pale kwetu waliweka mashine ya alama za vidole bila kutueleza chochote, kisha siku hiyohiyo wakabandika ukutani maandishi makubwa kwamba thamani ya kwanza ya kampuni ni kuaminiana. Tulicheka wiki nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Alama ya kidole changu ni taarifa yangu, na ninayo haki ya kuambiwa inachukuliwa kwa ajili gani.

Jambo la WhatsApp ni jepesi kuliko unavyolifikiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imetaja saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zina malipo yake. Muulize mkurugenzi kama yuko tayari kulipa saa ya ziada kwa kila agizo la saa nne usiku. Sisi tuliuliza swali hilo kwa maandishi, na ujumbe wa usiku ukaisha bila mkutano wowote wa utamaduni.

Nina swali kwako pia. Katika mkutano wako, wale vibarua waliitwa?

Binti wa Themi aliandika baada ya wiki tano:

Nawashukuru nyote. Vibarua hawakuitwa, Mwenyekiti, na nilipolisoma swali lako niliona aibu.

Nimekwisha kukagua mafaili 52 pamoja na wenyewe. Makosa ni mengi kuliko nilivyotegemea: tarehe za kuajiriwa zilizokosewa, mama mmoja ambaye mrithi wake ni mume aliyefariki, na watu tisa wenye likizo ambazo hazikuwahi kuandikwa popote. Kundi la WhatsApp sasa linafungwa saa kumi na mbili jioni, ila kwa hitilafu ya mtambo, ambayo itapigiwa simu. Mkurugenzi alikubali mara tu niliposema «saa za ziada».

Mkutano wa pili niliufanya chini ya banda wanapofungashia, vibarua wakiwemo, na sikushika kalamu. Aliyezungumza ni mmoja tu, msichana wa kuosha matunda, aliyeuliza kwa nini mabuti hupewa walioajiriwa peke yao ilhali maji ni yaleyale. Sikuwa na jibu. Jozi 40 zimeagizwa, na zinafika wiki ijayo.

Hesabu za zamu ya yule msimamizi nimezimaliza jana usiku: katika miezi kumi na miwili wameondoka watu 11 kwake, na 3 katika zamu nyingine mbili zikijumlishwa. Jumatatu nitakwenda nazo kwa mkurugenzi. Msimamizi mwenyewe nitamfuata kwenye mtambo wake, nisimwite ofisini.