Imani potofu baada ya saikosisi (hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia): mbona haziishi?

Mlezi: Mgonjwa yupo wiki ya 3 ya olanzapini, dawa ya saikosisi. Usingizi umerudi, ila bado anasadiki majirani wanampeleleza. Dawa imegoma?

Nesi wa zamu: Hapana. Dopamini (kemikali ya ubongo) ikizidi, hata kikohozi cha jirani huonekana kina ujumbe, na mgonjwa hutunga maelezo. Dawa hutuliza ishara mpya. Haifuti maelezo ya zamani. Kwanza hupungua hofu na muda wa kuyawaza. Uhakika hushuka taratibu, pengine miezi.

Mshauri: Usibishane, usikubali. Kila wiki muulize: "Una uhakika kiasi gani, 0 hadi 100?" Kushuka hadi 70 si haba.

Mfamasia: Asiache dawa akipona, huendelezwa angalau miezi 12. Akianza kutambua alivyougua, huzuni huweza kumvamia. Muulize waziwazi kuhusu kujiua.